Kigae Namba Kumi na Moja

Pale Mtoni, ukitaka grili za madirisha ambazo mwizi atazitingisha mpaka achoke mwenyewe, utaelekezwa kwa Tabu Hija. Lakini utaonywa pia: usimharakishe. Mafundi wengine wakishachomelea kiungo hukimwagia maji kipoe upesi, mteja abebe vyake aende. Tabu hamwagi maji. Anakiacha kiungo kipoe chenyewe, hata kama mteja amekuja na pikapu ya kukodi kutoka Mbweni na dereva anapiga honi barabarani.

"Fundi, si umwage maji tuondoke?"

"Kamwage kwako," anajibu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Watu walidhani ni maringo ya mtu aliyesoma Urusi. Wengine walisema mwanamke akishazoea kushika moto hawi mtu wa kuambilika, na hao sina muda wa kuwajibu. Ukweli ni kwamba Tabu alikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu mwaka wa themanini na tisa, na hakuwahi kumwambia mtu. Kila mahali maji yalipomwagwa juu ya chuma cha moto, yeye alisikia mlio mmoja mdogo, tik, na siku yake ikaharibika.

Alizaliwa Tandika, mtoto wa pekee wa Bi Tunu. Baba yake, mzee Hija, alifariki Tabu angali mdogo, na mama akamlea kwa kuuza vitumbua. Alipomaliza chuo cha ufundi akaajiriwa na kiwanda kimoja cha umma kilichotengeneza vipuri huko Chang'ombe. Mwaka wa themanini na tano kiwanda kikapata nafasi ya mafunzo Urusi, nafasi moja tu, ya fundi wa kuchomelea. Wanaume watatu walioitwa kwanza kila mmoja akaja na sababu yake. Huyu ana harusi, huyu mguu unamsumbua, huyu kasikia kwamba huko mate yanaganda kabla hayajafika chini. Jina likamwangukia Tabu. Bi Tunu alilia siku tatu, siku ya nne akapika pilau akalisha mtaa mzima.

Miaka miwili ya mwanzo ilikwenda kwenye lugha na darasani. Wa tatu wakampeleka kwenye karakana ya taasisi moja ya utafiti nje kidogo ya Leningrad, akawekwa chini ya fundi mkuu aliyeitwa Galina. Mama wa makamo, mfupi, mikono imejaa makovu ya kuungua, anaongea kidogo na kukagua sana.

"Hapa tunatengeneza moto wa jua," Galina alimwambia siku ya kwanza.

Tabu alidhani Kirusi chake bado kibovu. Hakikuwa kibovu. Katika jengo la jirani kulikuwa na mtambo mkubwa wa chuma, wa duara, wenye tundu katikati mfano wa ngata ya kuwekea ndoo kichwani. Ndani yake walitia gesi ya hidrojeni kidogo sana, wakaipasha moto mpaka atomi zake zikapasuka na gesi ikawa kitu kingine, plazma. Walitaka viini vya zile atomi vigongane viungane, kama vinavyoungana ndani ya jua, na katika kuungana vitoe nguvu. Ila joto linalohitajika ni la mamilioni ya nyuzi. Hakuna chungu wala sufuria duniani ya kulishika. Kwa hiyo plazma iliachwa ielee katikati ya ile ngata, imezuiwa na nguvu ya sumaku, isiguse ukuta.

"Na isipokubali kuzuiwa?" Tabu aliuliza.

"Haikubali," Galina alijibu. "Kuna mahali chini huwa inavuja. Hapo ndipo wanapotuhitaji sisi."

Sehemu hiyo ya ukuta ilijengwa kwa vigae, na uso wa kila kigae ulikuwa wa tangsteni. Tabu aliijua tangsteni kwa udogo wake, ule uzi mwembamba ndani ya balbu. Sasa akaishika kwa mkono, kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti, akashangaa uzito wake. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi elfu moja na mia tano hivi kinakuwa uji. Tangsteni inasubiri mpaka elfu tatu na mia nne, na hakuna metali nyingine inayofika huko. Tena plazma ikiipiga, chembe zake hazibanduki kirahisi, na hilo lilikuwa jambo kubwa, maana chembe zake chache tu zikiingia ndani zinainyonya plazma joto lake mpaka moto wenyewe unazimika. Ukuta mbovu hauungui peke yake, unaua na kile unachokilinda.

Lakini tangsteni ina kiburi chake. Ikiwa baridi haipindiki wala haisamehe, ukiilazimisha inapasuka. Na peke yake haitoshi, kwa sababu joto linaloipiga lazima litoke liende mahali. Kwa hiyo mgongoni kila kigae kiliungwa na shaba, na ndani ya shaba kulipita maji. Tangsteni inaukabili moto, shaba inaupokea na kuukabidhi kwa maji. Kazi ya Galina na Tabu ilikuwa kuviunganisha viwili hivyo, navyo havipatani. Shaba ikipata joto hutanuka karibu mara nne ya tangsteni, na ikipoa hunywea kwa kiasi hichohicho, ikimvuta mwenzake asiyekubali kuvutwa. Ndiyo maana uso wa kigae ulichongwa mifereji myembamba, ukagawanyika vijiraba vidogovidogo, kila kijiraba kipate nafasi yake. Halafu kipande chembamba cha madini laini kikawekwa kati ya tangsteni na shaba, vyote vikaingizwa kwenye tanuri lisilo na hewa, yale madini yakayeyuka yakashika huku na huku.

Na baada ya hapo, kungoja. Saa kumi na nne. Amri ilikuwa moja, imebandikwa kwenye mlango wa tanuri: usifungulie hewa kabla mshale wa kipimajoto haujafika nyuzi sitini.

Tabu aliipenda kazi ile. Nasema aliipenda, sina neno jingine. Siku ya kujaribu kigae walikipiga kwa mwale wa elektroni, naye akaangalia kupitia kioo cheusi kikigeuka chekundu, kikawa cha manjano, kikawa cheupe cha kuumiza macho. Kisha mwale ukazimwa na kigae kikarudi kwenye rangi yake ya kijivu, kizima, kana kwamba hakuna aliyekigusa. Mwili ulimsisimka. Tangu siku hiyo hakutamani kitu kingine ila siku ambayo mtambo mzima ungewashwa na vigae vyake viwe ukutani. Vilikuwa kumi na viwili kwenye safu yao. Kumi vya mwanzo walivifanya pamoja. Cha kumi na moja Galina alimwachia Tabu akifanye peke yake, toka mwanzo hata mwisho.

Kilikuwa tanurini, mwezi wa pili mwaka wa themanini na tisa, telegramu ilipofika. Maneno manne: MAMA MGONJWA SANA NJOO.

Galina alimwomba amtafsirie, akamshika bega. "Mgonjwa si maiti. Ngoja wiki moja tumalize safu, nikuombee ruhusa nzuri, urudi tena." Tabu hakuweza kumweleza. Utamwelezaje Mrusi kwamba kwetu hakuna anayeandika kifo kwenye telegramu? Mtu akifa, tunaandika mgonjwa sana. Tunafanya hivyo ili msafiri asianguke njiani, na msafiri naye anajua, na sisi tunajua kwamba anajua. Tabu aliposoma neno sana alikaa chini kwenye sakafu ya karakana. Kwake Bi Tunu alikuwa ameshazikwa.

Galina alikwenda mjini kuhangaikia tiketi, ikapatikana ya jioni ileile. Tabu akabaki na tanuri. Mshale ulikuwa kwenye mia tatu na kumi, zimebaki saa nyingi, na gari la uwanja wa ndege lilikuwa linakuja saa tisa. Angeweza kumwachia mwingine. Hakutaka. Alikuwa amempoteza mama, anapoteza na kazi, maana mafunzo yake yalikuwa yanakaribia kwisha na akiondoka hivyo hakuna atakayemrudisha. Alitaka akione kigae chake kwa macho yake kabla hajaondoka. Basi akafungulia hewa.

Ikaingia kwa mvumo, na ndani ya mvumo ule akasikia tik.

Alikitoa kwa koleo, akakigeuza, akakiangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka machozi yakamzuia. Hakuona ufa. Akakipanga na wenzake, akaandika kwenye daftari la tanuri kwamba amefungua kwa nyuzi sitini, akaenda kufungasha.

Katika ndege alilia mpaka jirani yake akaomba kuhamishwa. Alishuka Dar es Salaam amejitanda kanga, na alipofika kwenye kona ya kwao Tandika akapaza sauti ya kilio, kama inavyopasa. Majirani wakatoka. Mlangoni kwao, juu ya mkeka, Bi Tunu alikuwa anachambua mchele. Akainua kichwa.

"Nani kafa?" akauliza.

Bi Tunu akasema aliumwa akapona; mtaa ulicheka mwezi mzima, na Tabu alicheka nao. Alimkumbatia mama yake hata ungo ukamwagika. Alimshukuru Mungu kwa moyo wote, na shukrani ile haikuwa na doa. Ilikuwa baadaye, kiwandani, kiwiko kimeegemea mashine, ndipo alipoanza kukumbuka mlio. Kama kigae kina ufa, maji yake yatavuja ndani ya mtambo, au kijiraba kitabanduka kizime moto wa watu waliouhangaikia miaka ishirini. Na daftari linasema sitini.

Alimwandikia Galina barua mbili. Ya kwanza ya salamu tu, ya pili ya kuuliza kama mtambo umewashwa. Hakuwa na ujasiri wa kuandika lile jingine. Kama wafanyakazi wote wasio na sanduku la posta alitumia la kiwanda, na kila siku tarishi Anselmo aliporudi na mfuko wa barua, Tabu alikuwa mlangoni. Hakuna jibu. Halafu nchi ya Galina ikavunjika vipandevipande redioni, na hata jina la mji likabadilishwa.

Mwaka wa tisini na tatu kiwanda chenyewe kikauzwa. Wafanyakazi walipunguzwa wote, mwenye kiwanda mpya akaingiza mashine za kutengeneza magodoro, na sanduku la posta likabaki lake. Tabu alipewa mashine kuukuu ya kuchomelea badala ya sehemu ya kiinua mgongo, akafungua karakana Mtoni. Kazi haikumpiga chenga. Wenye pesa mpya walikuwa wanajenga Mikocheni, wanajenga Mbweni, na kila mmoja alitaka dirisha lake liwe na chuma. Umeme wa mgao ulikuja ulipotaka. Tabu alishusha ngao ya uso, akawasha, na nyuma ya kile kioo cheusi, kwa dakika mbili tatu, alikuwa tena kule. Alipoinua ngao alikuwa Mtoni. Aliumia kila mara, na kila mara akaishusha tena.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, Anselmo akatokea karakana kwa miguu. Alikuwa amezeeka, ila bado akivaa shati la utarishi. Wenye magodoro walikuwa wamempa kibarua cha kusafisha stoo.

"Shikamoo mzee Anselmo."

"Marahaba, binti yangu. Kuna maboksi ya barua za sie wa zamani, wamesema zichomwe. Nikasema ngoja nipitishe macho." Akatoa bahasha yenye stempu za kigeni. "Nilikuwaga nakuona pale mlangoni kila siku. Sikusahau."

Tabu hakuifungua pale. Alifunga karakana mchana kweupe, mteja wa geti akiwa amesimama na kufoka, akaenda nyumbani. Bi Tunu alikuwa amekaa barazani. Alipoona uso wa mwanawe na ile bahasha, akasogea ampishe nafasi.

Barua ilikuwa ya Novemba, mwaka wa tisini na nne. Mwandiko wa Galina ulikuwa uleule, uliobanana kama wa mtu asiyetaka kupoteza karatasi.

"Tabu," iliandikwa, "nilijua siku ileile. Tanuri lina kalamu inayochora joto lenyewe kwenye karatasi, na mstari ulidondoka kwenye mia tatu na kumi. Wewe uliandika sitini. Nilikukasirikia wiki nzima. Halafu nikaikumbuka ile telegramu. Sikukitupa kigae chako. Nilikipiga mwale mara mia mbili, kisha mia tano, nikakikata kidogo ubavuni nikaangalia. Ufa upo. Ulianzia kwenye kijiraba cha pembeni, ukatembea mpaka kwenye mfereji, ukaishia pale. Haukwenda kwa jirani. Tumeishi miaka mibaya, tumekaa bila mishahara, lakini mwaka jana tuliuwasha mtambo. Kumi na moja kiko chini kabisa, panapovuja zaidi. Kinashika."

Tabu aliiweka barua mapajani. Alikuwa analia bila sauti, na kilio kilikuwa cha furaha, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Miaka saba na nusu. Kinashika! Akaiinua amalizie.

"Kuna fedha za wenzetu wa nje kwa ajili ya safu mpya. Nimeomba nafasi ya fundi mmoja, miaka miwili, na nimetaja jina lako. Nijibu kabla ya mwisho wa Machi. Baada ya hapo sitaweza kuizuia."

Machi ya mwaka jana. Ilikuwa imepita miezi kumi na saba.

"Wanasemaje?" Bi Tunu aliuliza.

Na Tabu, ambaye hakuwa amemwambia mtu, akasema yote. Kigae, tanuri, mlio, daftari, nafasi iliyopita ikiwa imelala katika boksi la stoo ya magodoro. "Nilifungua mapema kwa sababu nilijua umeshakufa, mama. Nilisoma lile neno sana, nikajua umekufa."

Bi Tunu alinyoosha upindo wa kanga yake juu ya goti.

"Ile telegramu niliipeleka mie mwenyewe," akasema.

"Si ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa na kikohozi. Karani wa posta aliniuliza mara mbili, bibi, niandike sana? Nikamwambia andika. Nilijua utasomaje. Nani asiyejua?" Hakumtazama mwanawe. "Miaka minne, Tabu. Sura yako nilikuwa nayo kwenye picha. Sauti ilinitoka. Siku moja naamka, naitafuta sauti yako, sina. Nikasema huyu nikimwachia, hatorudi."

Tabu aliinuka akaingia ndani. Alisimama katikati ya chumba bila kujua alichofuata. Hasira ilimpanda mpaka akaona atapiga kitu, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba alimwelewa. Kwamba yeye mwenyewe kila siku hushusha ngao ya uso akitafuta mwanga uliomtoka. Akachukua karatasi na kalamu, akarudi barazani, akakaa mbali kidogo na mama yake, akaanza kumwandikia Galina. Alianza na lile ambalo hakuwahi kuliandika: nilifungua kwa mia tatu na kumi. Kisha akaomba, kama kuna safu nyingine, wamkumbuke, barua ipitie sanduku la posta la msikiti.

Bi Tunu aliifuata ile kalamu kwa macho. Hakujua kusoma Kirusi, ila alijua kusoma mtoto wake.

"Unaomba tena?"

"Naomba."

"Umenisamehe?"

"Bado," Tabu alisema, bila kuinua kichwa. Akaandika mstari mwingine, akasimama. "Wakinichukua nikaenda, utatuma tena telegramu?"

Bi Tunu hakuharakisha jibu. Alilifikiri kwa haki, kama mtu aliyeapishwa.

"Nitatuma," akasema.

Tabu alikunja barua mara mbili, akaitia katika bahasha.

"Na mie nitakuja."